Nafasi Iliyogoma Kujazwa

Ukutani, sebuleni kwa marehemu Mzee Mkude, Msawiri, mashine ya nyumba, aliandika kwa mwanga wa kijani: "Wajukuu zangu saba, Mungu awakuze." Ndugu waliojaa kuanua tanga wakatazamana. Mzee alipouandika wosia huo, wajukuu walikuwa wanne.

Ndivyo mashine ile ilivyofanya kazi kila nyumba ya Morogoro. Hukuipa maneno kamili. Uliipa kiolezo, yaani uzi wa maneno wenye nafasi tupu ndani ya mabano, nayo ikazijaza papo hapo kutoka kumbukumbu za nyumba. Zamani kila kiolezo kililazimika kukaa kwenye faili lake. Semeni, binti wa marehemu, ndiye mhandisi aliyeifundisha kusoma uzi wowote itakaopewa, hata usio na faili.

Mstari uliofuata ulitokea nusu, ukuta ukazima. KOSA: THAMANI HAIPO.

"Kweli mganga hajigangi," alisema Kobelo, kaka yake Semeni.

"Kaka, niache nifanye kazi!"

Semeni aliiwasha upya mara tatu. Akakagua mabano moja moja kama anachambua mchele. Wapi! Pilau ilikuwa inapoa, wazee wanatazama saa, na wosia wa baba yake umekwama mbele ya ukoo mzima. Aliilaani mashine, akamlaani na aliyeiamuru igome, kisha akakumbuka ni yeye. Mwaka juzi ilitangaza harusi bila jina la bwana harusi, mji mzima ukacheka. Tangu hapo akaiwekea amri: nafasi ikikosa jibu, usiandike.

Mwishowe akaufungua uzi wenyewe, ulivyoandikwa na mzee:

"Semeni mwanangu, ahsante kwa kuja kuniona tarehe [siku ya mwisho Semeni alipopita mlangoni]. Siku hiyo nililala vizuri."

Akapekua kitabu cha mlango, kinachoandika kila anayeingia na kufungwa siku mwenye nyumba anapofariki. Mzee alikaa katika nyumba hiyo miaka mitatu kabla ya kufa. Jina la Semeni halikuwemo hata mara moja. Kila Jumapili alituma kivuli, sura yake ya mwanga, kikaketi kitini na kumwamkia baba. Mlango hauandiki vivuli. Mashine haikuwa na kosa lolote, na hilo lilimuuma kuliko kosa.

Kobelo aliinama, akasoma. "Weka tarehe yoyote, mdogo wangu," alinong'ona. "Nani atajua?"

Semeni akaandika Idi Mosi. Kidole kikasita juu ya kitufe. Baba aliacha nafasi ile akitumaini itajazwa, na sasa yeye anataka kuijaza kwa uongo. Akaifuta. Akasimama, akaanza kuusoma wosia kwa kinywa chake, na alipofika kwenye neno "tarehe" akaishia hapo.

"Soma, mama," alisema Shangazi Tabu. "Tarehe ngapi?"

"Hakuna, shangazi. Sikuja."