Tai Aliyetangulia Msiba

Mchonga mihuri ya kugongea sarafu alikimbia kama mtu aliyeona mauti.

Trebio, jasusi wa Kaizari, alimfuata kichochoro kwa kichochoro, akamdaka nyuma ya tanuri la mwokaji. Jambia la chuma kikali likamgusa koo. Kikapu kikaanguka, sarafu za shaba zikatawanyika.

"Taratibu, fundi Hermero. Mbona mbio hivyo, umeiba mke wa mtu?"

Hermero alizitazama sarafu chini.

Trebio aliokota moja. Upande mmoja, sura ya Kaizari, pua ileile. Akaigeuza. Tai alikuwa akiruka kutoka kwenye kuni za mazishi, akimpeleka Kaizari kwa miungu.



Roma nzima inamjua tai huyo. Huchongwa Kaizari akishakufa, akishachomwa, akishaliliwa. Na Kaizari alikuwa hai, kwenye kasri lake kilimani, katika karamu ya mchana.

"Nani kakuagiza uchuro huu?"

"Nasidio, mkuu wa kambi. Anataka askari wagawiwe jioni hii, wajue kiti kina mtu mpya."

"Basi anauawa leo. Kwa sumu? Iko wapi?"

"Nilisikia wakisema kwenye peasi za asali, bwana. Inaua polepole. Mwonjaji haangukii mezani."

Mwonjaji wa Kaizari alikuwa Fadia, dada yake Trebio, tumbo moja.

Trebio alikimbia. Hata vitani kwenye mto Danubi hakuwahi kuogopa namna ile.

Mlangoni mwa kasri mkuki wa mlinzi ukamzuia.

"Neno la siri?"

"Ngano."

"Pita."

Ukumbini Fadia alikuwa ameinua kijiko, asali ikidondoka.

"Weka chini, Fadia."

Akaweka. Trebio akaitua sarafu mbele ya Kaizari, akamnong'oneza jina la aliyeiagiza na kilichomo kwenye peasi.

Kaizari alijitazama. Akaigeuza. Kisha akaisogeza sahani ya peasi kwa Nasidio, aliyekuwa kulia kwake.

"Kula, rafiki yangu. Wewe unanipenda mpaka umeharakia kunizika."

Mkono wa Nasidio haukunyanyuka. Walinzi wa Kijerumani wakamtoa nje.

"Sarafu zote niziyeyushe, bwana?" Trebio aliuliza.

Kaizari alikuwa bado anamtazama tai. "Sarafu yeyusha. Mihuri itunze. Imechongwa vizuri, na siku yake itafika."

Trebio aliinama, akatoka. Fadia alimfuata hadi ngazini, akamshika mkono. 

"Acha kazi hii, dada. Leo hii."

"Kazi hii haiachwi, kaka. Yenyewe ndiyo humwacha mtu." Alijifuta asali kwenye aproni. "Wananiita. Jioni kuna chaza."

Trebio alijifunga joho, akashuka ngazi taratibu bila kugeuka.