Namba ya Kufuatilia

Kila siku baada ya masomo, Devota alipitia dukani kwa mjomba wake Faustino, mjini Lindi. Alifagia, akafuta vumbi kwenye kompyuta mbili, kisha akakaa kujisomea. Wakati ule, mwaka 2004, duka la simu na intaneti lilikuwa jambo geni, na Devota, msichana wa miaka kumi na miwili, alijiona mkubwa kwa sababu tu alijua kubonyeza.

Jumatatu moja aliingia Mama Naima, jirani yao, muuza vitumbua. Binti yake, Naima, alikaa dawati moja na Devota.

"Shikamoo, Mama Naima."

"Marahaba, mwanangu. Mjomba wako yupo?"

"Ametoka kidogo. Mimi nipo."

Mama Naima alisita, kisha akampa kipande cha karatasi. "Kaka yangu wa Maskati amenitumia mzigo. Anasema ukiandika namba hii kwenye mtandao, unajua umefika wapi. Niangalizie. Lakini una kifua, mwanangu?"

"Ninacho, mama," Devota alijibu upesi, maana nani atakiri kwamba hawezi kutunza siri?

Alhamisi kompyuta ilionyesha kwamba mzigo umefika Lindi. Devota alipaswa kwenda moja kwa moja kwa Mama Naima. Lakini njiani palikuwa na bomba la maji, na bombani palikuwa na wanawake wakipanga ndoo, akiwemo jirani yao mwingine, Mama Stefania. Ulimi ukamwasha.

"Mzigo wa Mama Naima kutoka Uarabuni umeingia leo," alisema. "Nimeuona mwenyewe kwenye kompyuta."

Basi tena. Mtaani kwao mzigo wa Uarabuni hauwi wa mtu mmoja. Ukisikika umefika, majirani huja kuona kanga, kunusa manukato na kuonja halua, na si vizuri mtu aondoke mikono mitupu.

Kisha akaenda kumpa Mama Naima habari. Kesho yake Mama Naima aliporudi na mzigo kutoka posta, alikuta baraza yake imejaa watu. Devota alikuwa amesimama mbele kabisa, kidevu juu.

"Tufungulie tuone," alisema Mama Stefania akicheka. "Au unatubania?"

"Hakuna kitu humu, jamani. Ni vitu vyangu vidogo tu."

"Hivyo hivyo vidogo." Mama Stefania akauvuta mzigo kwa utani. Karatasi ikachanika, zikaanguka soksi ndefu, nene, za kubana, zile wanazovaa wagonjwa wa matende.

Hakuna aliyecheka. Sasa wote walielewa kwa nini Mama Naima alivaa kanga inayoburura chini, na kwa nini alipouza vitumbua aliweka ndoo mbele ya mguu wake wa kushoto. Aliinama, akaokota soksi zake, akaingia ndani.

Naima, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimtazama Devota. "Mama alikuuliza kama una kifua," alisema. "Ukasema unacho."

Devota aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Jumatatu alikuta Naima amehamia dawati la nyuma. Wiki nzima Mama Naima hakutoka kuuza, na kila Devota alipopita pale barabarani anapouzia vitumbua, Devota alitazama upande mwingine.

Mjomba Faustino alipoambiwa, hakufoka. Afadhali angefoka.

"Kompyuta haimuulizi mtu yeye ni nani," alisema. "Mwenye namba yeyote anauona mzigo unakopita. Ndiyo maana mama wa watu akakuuliza kwanza. Alikupa namba ufuatilie mzigo, Devota. Wewe ukatuma watu wamfuatilie yeye."

Jioni ile Devota alipiga hodi kwa Mama Naima. Alimkuta amekaa, mguu uko juu ya kigoda, soksi ameivaa.

"Mama Naima, naomba radhi. Ulinipa siri, nikaimwaga bombani." Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

Mama Naima aliugusa mguu wake. "Muuguzi aliniambia matende huletwa na mbu, si uchawi. Kwa hiyo sikuwa naficha dhambi. Lakini mguu ni wangu. Nilitaka nichague mwenyewe siku ya kuwaambia watu. Wewe ulinichagulia."

"Nimekosa, mama."

"Nimekusamehe. Ila shika hili: jambo la mtu ni mali yake, hata kama umeliona kwa macho yako. Ukilitoa bila ruhusa yake, umeiba."

Kesho yake Mama Naima alirudi kuuza vitumbua, ndoo akaiacha nyumbani. Mama Stefania alikuwa wa kwanza kuja kumwomba radhi.

Mwezi uliofuata Mama Naima aliingia tena dukani. Mjomba alikuwepo, lakini karatasi yenye namba alimpa Devota.

"Una kifua?"

Safari hii Devota hakukimbilia kujibu. "Nitajitahidi, mama."

Siku mzigo ulipofika, alipita bombani. "Devota," Mama Stefania aliita, "mtandao unasemaje leo?"

"Shikamooni," alijibu, akapita zake hadi mlangoni kwa Mama Naima, akamnong'oneza sikioni. Naima, aliyekuwa anapepeta mchele mkekani, alimwangalia kwa muda. Kisha akasogea, akamwachia nafasi ya kukaa.