Mdomo Wangu Ulikuwa Umejaa Pini

Kitu cha kwanza nilichokiona ni pini.

Pini moja tu, yenye ushanga wa buluu kichwani, ndani ya kopo la bosi wangu mpya, Lalla Batoul. Nikajiuliza, hii imefikaje huku? Nikaibana kwa meno pamoja na zingine, nikaendelea na kazi.

Jamani... ningejua!

Mara mlango ukasukumwa kwa kishindo.

"Toa mikono kwenye kichwa cha bi harusi!"

Alikuwa Lalla Zhor, bosi wangu wa zamani. Nyuma yake mwanamume mwenye mkoba, tarishi wa mahakama.

Na bi harusi mwenyewe? Ghizlane. Mdogo wangu wa tumbo moja!

Ngojeni niwarudishe nyuma kidogo.

Naitwa Hnia. Shule niliachia darasa la nne. Tangu utotoni ni mwoga wa kuongea, nikiulizwa jambo mbele za watu ulimi unaganda. Lalla Zhor (lalla kwetu ni bibi wa heshima) alinichukua nikiwa bado msichana mdogo, kule mjini kwetu Fes, akanifundisha kupamba maharusi. Kazi niliipenda kwa sababu moja ya kijinga... mpambaji hubana pini kwa meno. Mdomo uliojaa pini hauulizwi maswali.

Lile vazi zito la Kifesi, la lulu na taji refu, mikono yangu inalijua. Ukilifunga vibaya bi harusi anazimia, au taji linaanguka. Wateja wakaanza kuniulizia kwa jina.

Hapo ndipo Lalla Zhor alipotubeba wasichana wote hadi ofisi ya mtaa, tukagongewa muhuri kwenye karatasi.

"Ni mambo ya bima, wanangu. Weka sahihi hapo, usinicheleweshe."

Tukaweka. Nani angembishia?

Sasa sikilizeni. Mama yetu alikufa Ghizlane akiwa bado ananyonya. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni. Nilimwahidi tangu hajui hata harusi ni nini... siku yako, nitakuvalisha mimi.

Siku ilipokaribia nikaomba ruhusa.

"Jumamosi hiyo tuna harusi ya matajiri," Lalla Zhor akasema. "Mdogo wako avae shuka!"

Wenzangu wakacheka.

Basi akanitafuta Lalla Batoul. Huyo ndiye hasimu wake mji mzima. Wakikutana sokoni wanarushiana maneno mpaka wauza mnanaa wanaziba masikio.

"Binti, yule anakunyonya damu. Njoo kwangu. Mdogo wako nitamvika kaftani zangu bora, na taji utamfunga wewe mwenyewe. Ndiyo zawadi yako ya kukukaribisha."

"Na Lalla Zhor je?"

"Zhor ni nani? Mungu?"

Nikahama.

Turudi sasa kwenye kile chumba.

Tarishi akafungua karatasi, akasoma. Nikimwacha Lalla Zhor, miaka mitatu nisipambe bi harusi yeyote kwa kazi, Fes na miji jirani yote. Chini ilikuwepo sahihi yangu, imepinda kama mnyoo. Bima gani hiyo?!

Nikamtazama Lalla Batoul anitetee. Alikuwa anakagua kucha zake.

Yule tarishi hakuwa mtu mbaya. Akamwangalia Ghizlane, akaniangalia mimi. Sura moja.

"Binti, hebu niambie. Upo hapa kikazi, au unamvalisha ndugu yako tu? Kama ni ndugu, mimi naenda zangu."

Nyie! Mlango wa kutokea ule! Neno moja tu!

"Ni dada yangu!" Ghizlane akapiga kelele.

"Bi harusi anyamaze," Lalla Zhor akasema. "Hakuulizwa yeye."

"Nataka kulisikia kwake," tarishi akasema, ananisubiri.

Mkono mmoja nimeshika taji, mwingine shela. Macho yote kwangu. Pini ningeweza kuzitema... ulimi ndio uliganda.

"Dada, sema! Sema basi!"

Lalla Zhor akacheka. "Kwetu msichana akiulizwa akanyamaza, amekubali. Au siyo, bwana tarishi? Hata ndoa tunafunga hivyo hivyo!"

Tarishi akashusha pumzi. Akaandika: kikazi.

Nikatolewa nje. Nikiwa mlangoni, Ghizlane akanitafuta kwenye kioo, machozi yanaharibu wanja.

"Basi angalau niambie, dada... nimependeza?"

Mlango ukafungwa.

Taji walilifunga wasichana wa Batoul. Walipombeba bi harusi mabegani kwenye kiti chake, vigelegele vimepamba moto... taji likaanguka! Lulu zikatapakaa miguuni pa wageni.

"Nuksi hii," mama mkwe akasema, tena kwa sauti.

Ghizlane yuko kwa mumewe Oujda sasa, na jina hilo limemfuata hadi jikoni kwake. Mara ya mwisho kupokea simu yangu aliniambia, "Nilikuwa nahitaji neno lako moja, ukaninyima." Hapokei tena.

Baada ya harusi nikaenda kwa Lalla Batoul kumwomba kazi yoyote, hata ya kufua. Kutoka nje nikasikia vicheko. Nikaingia...

Lalla Zhor alikuwa amekaa pale, anakunywa chai!

"Karibu, kipenzi," akaniambia.

Kati yao sinia la pini, zote za ushanga wa buluu. Pini hizo sonara humtengenezea Lalla Zhor peke yake. Kumbe wanagawana hata pini!

"Nyie... si maadui?"

Lalla Batoul akamimina chai taratibu.

"Sokoni, binti. Wateja wanapenda ugomvi. Lakini nyinyi wasichana? Wa kwake akianza kutamani kuondoka, namwita mimi. Wa kwangu, anamwita yeye. Akinaswa mmoja, wote wanatulia."

"Na anayefuata ni wa kwako," Lalla Zhor akasema, anatafuna biskuti.

Hawakuona hata haya.

Sasa hivi naosha zeituni kiwandani, mji jirani wa Sefrou. Chumvi imenipasua vidole, na sijui kama vitaweza tena kushika lulu.

Wapendwa, msitie sahihi kitu msichosomewa na mtu wenu wenyewe. Mkiona mabosi wawili wanatukanana hadharani, chunguzeni kwanza chai wanakunywa wapi. Na ukiulizwa neno litakaloiokoa siku yako, liseme, hata sauti ikitetemeka. Kunyamaza kwako kuna watu wanakusubiria.

Ghizlane, labda mtu atakuonyesha haya.

Pini nimezitema.

Mimi ni ndugu yako. Na ulipendeza, mdogo wangu. Ulipendeza mno.