Herufi O

Kwenye duka la fotokopi mbele ya chuo, mchana foleni hufika mpaka nje, na mashine ikikwama kila mtu hujifanya fundi. Siku hiyo ilikwama, kisha ikatema kurasa za watu wawili kwa mpigo. Dada mmoja mwenye gauni la bluu na mabuti ya tope, mtafiti wa uzazi wa kondoo, akaokota karatasi isiyo yake.

"Hii inauliza nani kwenye familia ahame na nani abaki," alisema. "Kondoo wangu hawajafika huko."

"Na hii inasema namba kumi na nne ana kwato mbovu," akajibu kaka mwembamba, shati limenyooka kwa pasi. "Nikadhani ni mmoja wa watu niliowahoji. Hiyo O pembeni ni nini?"

"Ondoa. Akishaandikwa O, kesho hayupo zizini."

"Una roho ngumu, dada."

Kaka huyo alitafiti jinsi familia zinazohama zinavyoamua: kila sababu anaipa uzito wake, anajumlisha, jibu linatoka. Wiki mbili hazikuisha, akawa ameingiza madume ya kondoo kwenye jedwali lake, na yeye mwenyewe ameingia moyoni mwa mtu. Dada akamwita Mizani. Yeye akamwita Mama Kondoo.

Miezi minane ilipita kwa raha. Halafu mjomba wa dada, aliyekuwa akiishi ng'ambo, akawapatia vibali vya kuhamia kwake: mama, wadogo zake wawili, na yeye. Fomu ilitakiwa Ijumaa kabla ya saa sita. Asiyekuwemo ndiyo basi tena. Dada akaogopa kumwacha Mizani, akaogopa kumwacha mama, na zaidi ya yote akaogopa ukimya wa Mizani, maana alikuwa anasubiri neno moja tu kwake.

"Kwa hiyo niende, mpenzi?" alimuuliza kwenye simu Jumatano.

"Nipe siku mbili nipige hesabu vizuri."

"Mimi ni hesabu?"

"Laazizi, usikasirike. Naogopa kukosea."

Ndivyo walivyo wasomi. Moyo unaunguza, wao wanatafuta rula.

Ijumaa saa nne asubuhi dada alikwenda ofisini kwa mpenzi wake. Mizani alikuwa darasani. Mezani, chini ya kikombe cha chai iliyopoa, palikuwa na karatasi. Juu imeandikwa Mama Kondoo. Chini, safu mbili: S, kumi na saba. O, themanini na tatu, imezungushiwa wino mwekundu mara mbili.

Herufi ile alikuwa amewaandikia kondoo arobaini kwa mkono wake, bila kupepesa jicho. Akaishika karatasi, akatoka. Simu ikaita.

"Mwanangu, uko wapi?" Alikuwa mama. "Huku kwenye fomu wamebaki watatu mbele yetu."

"Niandike, mama. Nakuja."

Alikuwa nusu ya ngazi Mizani alipomfikia, vumbi la chaki mpaka kwenye mikono ya shati.

"Mbona unanikimbia?"

"Umeniandika O."

"Sasa ndiyo unalia? Themanini na tatu hiyo, mpenzi."

"Ndiyo nifurahi unanifukuza kwa alama nzuri?"

Mizani akamkodolea macho. Kisha akakaa pale pale kwenye ngazi.

"O ni oa," alisema. "S ni subiri."

Dada akaegemea ukuta. Alitaka kucheka, kikatoka kilio.

"Kwa nini hukusema, wewe?"

"Nimepiga hesabu mara tisa, kila mara inatoka O. Lakini tazama hapa." Akaweka kidole kwenye mstari ulioandikwa Mama yake. Palikuwa patupu. "Hapa nimeshindwa kuweka namba. Nikikuomba ubaki, anaondoka bila wewe. Nimeogopa siku moja utanichukia."

Dada alitazama pale patupu. Hata yeye hakuwa na namba ya kuweka. Akapiga simu.

"Mama, umeshaniandika?"

"Nimeshakuandika. Mbona sauti inatetemeka? Ni huyo wa mizani?"

"Ndiye. Anataka kunioa."

Nyuma ya mama ilisikika foleni ikisogea.

"Amekwambia?"

"Ameandika."

"Mpe simu aseme."

Mizani akasimama, akajikung'uta chaki, akafunga kifungo cha shingoni, utadhani mama mkwe amesimama mbele yake.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba. Sema haraka, baba, amebaki mtu mmoja mbele yangu."

"Naomba uniachie, mama. Nitamtunza."

Wakaweka masikio yote mawili kwenye simu moja, wakasikia kalamu ikikwaruza karatasi, mstari mmoja mrefu kama wa kufuta jina, na baada yake mama akipenga kamasi.

"Haya," alisema mama. "Njooni basi mniage."