Utanipa Nini, Bibi?

Edina alikuwa mama wa watoto wawili. Priska alikuwa na miaka kumi na mmoja, na mdogo wake Sila alikuwa na minane. Walikaa Makole, mjini Dodoma. Baba yao, Cornel, alikuwa dereva wa mkandarasi, na mara nyingi alikuwa mbali, huko Mtera, kwa kazi. Edina aliuza mitumba sokoni. Miaka ile serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, na mwanamke mwenye mdomo mwepesi hakulala njaa. Edina alikuwa nao huo mdomo. Kutwa nzima kazi yake ilikuwa kutaja bei, kupunguza bei na kuapa kwamba hapati faida.

Jioni alirudi nyumbani hoi. Alikuta vyombo vya mchana vimejaa nzi, uwanja haujafagiwa, ndoo hazina maji. Watoto walikuwa nje wanacheza. Akiwaita, hawasikii. Akipiga kelele, wanasikia kidogo. Edina hakupenda kuwachapa. Yeye mwenyewe alilelewa kwa fimbo, na hakuisahau.

Siku moja akapata wazo. Utoto wake ulikuwa wa uhaba, hata sabuni ilikuwa ya kupangia foleni. Sasa duka la Dolat, karibu na soko, lilikuwa na pipi za kila rangi. Akanunua mfuko mzima. Akawaambia watoto kwamba anayeosha vyombo atapata pipi, anayefagia atapata pipi, na anayeteka maji atapata pipi na biskuti juu yake.

Nyumba iling'aa, msiulize. Watoto waligombea ufagio. Edina akawaringia majirani mpaka wakachoka kumsikiliza. Aliwaambia kwamba wao wanachapa watoto bure tu, hawajui mambo ya kisasa.

Baada ya muda mambo yakaanza kugeuka. Pipi moja haikutosha, wakataka mbili. Priska akakataa kuosha sufuria ya ugali kwa bei ya kikombe. Sila alitumwa kumletea mama yake kandambili, akauliza kwanza atapata nini. Edina akacheka. Alimwona mtoto wake mjanja kama yeye. Hapo ndipo alipopaswa kushtuka, lakini hakushtuka.

Kisha Bibi Paskazia, mama yake Cornel, akaja kutoka kijijini, upande wa Chamwino. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Miaka mingi alikuwa haoni ila mwanga tu. Hospitalini walimpasua jicho moja, wakalifunga kwa bandeji, wakasema arudi wiki inayofuata kufunguliwa. Edina alionywa vizuri. Mama huyu asiiname, asibebe kitu kizito, na asianguke hata kidogo. La sivyo jicho linaweza kuharibika, asione tena. Muuguzi akauliza kama nyumbani kuna watu wa kumsaidia. Edina akajibu kwa kujiamini kwamba ana watoto wawili wachapakazi.

Siku ya tatu baada ya upasuaji Edina akaenda sokoni, maana belo jipya la nguo lilikuwa limefika. Alimkalisha bibi kwenye kiti barazani. Akawaambia watoto wamwangalie bibi yao. Akaondoka mbiombio.

Jua lilipopanda, bibi akashikwa na kiu. Akaita, "Priska, mjukuu wangu, niletee maji ya kunywa."

Priska alikuwa anacheza rede uwanjani na wenzake. Hakukataa. Aliuliza tu, kama alivyozoea.

"Utanipa nini, bibi?"

Bibi akatega sikio. Alidhani hakusikia vizuri. Sila akamweleza kwa adabu kabisa kwamba maji ni pipi na biskuti. Watoto wa jirani wakacheka, na mchezo ukaendelea.

Bibi hakuita tena. Aliinuka, akashika ukuta, akapapasa mpaka jikoni. Ndoo ilikuwa chini. Akainama. Mguu ukateleza, akaanguka, na maji yote yakamwagika.

Kishindo kilisikika kwa jirani yao, Mwanahawa. Huyu alikuwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, na siku hiyo alikuwa nyumbani. Alikuja mbio. Akamkuta bibi amepiga magoti ndani ya maji, mkono mmoja umefunika bandeji. Akamwinua taratibu, akambadilisha nguo, akatuma mtu sokoni.

Edina alikuta nusu ya mtaa imejaa uwanjani kwake. Ni wale wale aliowaringia. Hakuna aliyemsema. Walimpisha tu apite, na hilo lilimuuma kuliko kusemwa. Ndani, bibi alikuwa ameketi kitandani. Alikuwa anafunga khanga zake kwenye kifurushi, kwa kupapasa.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kwetu. Hapa maji yananunuliwa kwa pipi, na mimi sina pipi, mkwe wangu."

Edina akapiga magoti. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliomba msamaha huku analia. Bibi hakumfokea. Alisema atakaa mpaka siku ya kliniki kwa ajili ya jicho lake, si kwa ajili ya nyumba ile. Akishafunguliwa bandeji ataondoka, na hatakanyaga tena hapo.

Jioni Mwanahawa akarudi kumtazama mgonjwa. Akamkuta Edina ameshika fimbo. Priska alikuwa amejibana pembeni ya mlango.

"Weka chini hiyo, mama Priska," Mwanahawa akasema. "Mtoto amekosa nini?"

"Amenitia aibu, dada. Amemnyima bibi yake maji."

"Hakumnyima. Amemtajia bei. Na bei umeipanga wewe."

Edina akakaa chini, fimbo bado mkononi. Maneno yalimwingia. Akauliza kwa sauti ndogo, watoto watafanyaje kazi bila fimbo na bila pipi?

Mwanahawa alimwambia kwamba fimbo na pipi ni ndugu. Fimbo ikiwekwa chini, kazi inasimama. Pipi zikiisha, kazi inasimama vile vile. Mtoto anaiangalia ile pipi, hamwoni mtu mwenye kiu.

"Mtoto anapenda kuwa mtu wa maana kwao," alisema. "Lakini ajue kazi yake inamsaidia nani. Umewahi kumweleza Priska kwa nini bibi yake haruhusiwi kuinama?"

Edina akamtazama binti yake pale mlangoni. Hakuwahi kumweleza. Watoto wake walijua bei ya kila kitu, lakini sababu hawakuambiwa. Aibu ikampanda upya, safari hii mbele ya binti yake mwenyewe. Akaiweka fimbo chini.

Mwanahawa hakuishia hapo. Alisema kila mtoto achague kazi anayoiweza, ambayo nyumba nzima itajua ni yake. Siku za kwanza mama afanye naye bega kwa bega. Akikosea asikejeliwe, na kazi yake isirudiwe huku anaona, kwa sababu atajua jasho lake si kitu. Akifanya vizuri ashukuriwe, na atajiwe kile alichofanya. Halafu akamgeukia Sila, aliyekuwa nyuma ya dada yake, akasema mvulana naye ana mikono, jikoni si kwa dada yake peke yake.

Mwanahawa alipoondoka, Edina akawakalisha watoto karibu naye. Aliwaambia kwamba aliwafundisha vibaya, na kwamba kosa ni lake. Akawaeleza habari ya jicho, kitu kwa kitu. Sila akauliza kama bibi atakuwa kipofu. Edina akasema hajui, wataambiwa kliniki. Priska akaficha uso kwenye magoti yake, na hakula usiku ule.

Asubuhi Priska akachagua kumhudumia bibi. Sila akachagua vyombo. Msidhani mambo yalinyooka siku hiyo hiyo. Sila alidai pipi yake, akaambiwa pipi watakula wote sikukuu, bila kuuziana. Akanuna, vyombo vikalala. Edina alitamani kuviosha mwenyewe haraka yaishe. Akajizuia, akamwita mwanawe, wakaosha pamoja huku wakipiga hadithi. Vikombe vilibaki na mafuta. Edina akavinywea chai hivyo hivyo, akamwambia Sila kwamba masufuria ameyasugua vizuri.

Kwa Priska kulikuwa kugumu zaidi. Alileta maji bila kuitwa, lakini hakuweza kusema neno. Bibi alikunywa, akamwambia asante kama anavyoambiwa mtu baki. Priska alilisikia hilo. Hata hivyo hakuacha. Alimshika mkono kwenda chooni, akamwonya penye jiwe na penye shimo. Alimnawisha, akamkatia ugali. Siku zikapita hivyo, na bibi akaanza kumuuliza habari za shule.

Siku ya kliniki walikwenda wote. Edina hakuwa amelala. Daktari alipoanza kufungua bandeji, Priska alirudi nyuma, akasimama karibu na mlango, macho chini.

Bibi akapepesa jicho. Akatazama dirisha, akamtazama daktari, kisha akanyoosha kidole.

"Yule mwenye gauni la njano ni nani?"

"Ni mimi, bibi," Priska akasema bila kuinua kichwa.

"Sogea. Inua uso nikuone. Mkono wako naujua, sura yako siijui."

Priska akasogea, akainua uso. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Bibi akamtazama, wala hakumwambia anyamaze.

Daktari akasema jicho liko salama. La pili litapasuliwa baada ya mavuno. Akauliza kama mgonjwa ana mahali pa kufikia hapa mjini atakaporudi. Edina hakuona kama ana haki ya kujibu.

"Ninapo," bibi akasema. Akaweka mkono kwenye bega la Priska. "Nitafikia kwa huyu."