Machozi ya Pilipili

Kila asubuhi kabla ya kwenda masomo, Noella alimsaidia mama yake kuanika ndagala, samaki wadogo wa ziwani, nyuma ya nyumba, kwenye mchanga wa ziwa. Alizitandaza juu ya wavu mkuukuu, akazigeuza, akafukuza kunguru. Jua lilichomoza ng'ambo, upande wa Bujumbura, nalo lilikuwa jua tu. Alikula kwa sababu sahani ilikuwa mbele yake. Alicheka wenzake walipocheka. Ndani yake hapakuwa na kitu, kama nyumba iliyohamwa.

Zamani hakuwa hivyo. Alianza kubadilika tangu mto uliposhuka usiku kutoka mlimani, ukibeba mawe makubwa kama magari, ukaondoka na nyumba yao na kaka yake Vainqueur. Baadaye wakubwa wa serikali walikuja na viatu safi. Walipiga picha juu ya matope, wakagawa sabuni, wakaahidi kujenga ukuta kando ya mto. Mpaka leo ukuta huo haujulikani ulikolala. Watu wa mtaa hawajasahau ahadi hiyo, wala sura za walioitoa.

Noella alilia wiki nyingi. Kisha mama yake, Mama Eliane, akamkataza. "Ukilia tena, na minye nitalia, na nikilia sitaamka. Nyamaza!" Noella akanyamaza. Machozi yalirudi ndani, yakakaa huko muda mrefu, na siku moja alipoyatafuta hakuyakuta. Hakumwambia mtu. Angesemaje? Nani angeelewa mtoto asiyesikia uchungu wala furaha?

Jumamosi moja habari ilifika kwamba mama yake Olga amefariki hospitalini. Olga alikuwa rafiki yake wa benchi moja darasani. Tena mama yake ndiye aliyewapokea Noella na Mama Eliane baada ya mafuriko, akawapa mkeka wa kulalia na sombe, mboga ya majani ya muhogo, ya kila siku, bila kuuliza wataondoka lini.

Wasichana wa darasa walikwenda matangani pamoja. Kwa desturi ya pale, mwanamke akifika kwenye lango la nyumba ya msiba, hupaza kilio kwanza ndipo huingia na kukaa na wafiwa. Wenzake walipofika langoni, wote walilia kwa sauti. Noella alifungua kinywa. Hakuna kilichotoka. Alimtazama Olga aliyekaa mkekani, kichwa kimefunikwa kitambaa, na alijua kwamba anampenda. Alilijua hilo kama mtu ajuavyo jina lake, lakini hakulisikia moyoni.

Bénédicte, shangazi wa Olga, alimwona.

"Ee, mutoto huyu! Siku zile mulikosa nyumba, marehemu alikulisha na mikono yake. Leo hata chozi moja? Weye iko muntu ao jiwe?"

Wanawake waligeuka. Noella aliinamisha kichwa, uso ukimwaka moto. Huzuni ilikataa kuja, lakini aibu ilifika upesi.

Alikimbilia jikoni nyuma ya nyumba, mahali akina mama walipokuwa wakipika maharage ya wageni. Mmoja akampa jiwe la kusagia. "Saga pilipili, usisimame bure." Noella akasaga. Akaitazama mikono yake iliyolowa pilipili, akawaza, akatazama huku na huku, kisha akajipaka kidole kimoja chini ya macho.

Mama wee! Macho yaliwaka, machozi yakashuka kama bomba lililopasuka. Alirudi kwa wafiwa akijikokota, akilia kwa sauti.

"Sasa njo vile," alisema Bénédicte. "Kumbe iko na moyo."

Olga aliinuka akamkumbatia. "Usilie hivyo, rafiki yangu," alisema, naye mwenyewe analia. Akampangusa Noella mashavu kwa kiganja chake. Kisha, bila kufikiri, akajipangusa macho yake kwa kiganja kile kile.

Alipiga yowe. "Macho yangu! Noella, machozi yako yanawasha! Umejipaka nini?"

Kilio cha nyumba nzima kilikatika. Bénédicte alishika mkono wa Noella, akaunusa.

"Pilipili! Ameleta michezo kwenye matanga!"

Olga alimtazama kwa macho mekundu. "Kwa mama yangu, Noella? Ulidanganya kwa mama yangu?"

Noella aliuvuta mkono wake, akauficha mgongoni. Angependa mchanga wa ziwa umfunike.

Mama Pétronille, muuguzi wa kituo cha afya cha mtaa, alikuwa miongoni mwa waombolezaji. Hakupiga kelele. Aliagiza ndoo ya maji safi, akawaosha wote wawili macho, kwanza Olga, kisha Noella, mpaka moto ukapungua. Mama Eliane, aliyekuwa matangani tangu asubuhi, alisimama kando, hajui aangalie wapi.

"Mutoto yangu," alisema Mama Pétronille, "sema kweli. Ilikuwa michezo?"

"Hapana, mama." Sauti ilikuwa ndogo. "Nilitaka kulia kama wengine. Nilitafuta machozi, sikuyapata. Tangu zamani siyapati. Hata kucheka, ninacheka tu na mdomo. Mama ya Olga alikuwa mama yangu wa pili, na minye sisikii kitu. Nafikiri moyo wangu umekufa."

"Na pale walipokuita jiwe, ulisikia nini?"

"Aibu."

"Basi haujafa. Moyo uliokufa hauoni aibu." Akageuka, akawatazama wanawake mmoja mmoja. "Lakini aibu hii si ya mutoto. Kaka yake alipochukuliwa na mto, ni nani kati yetu alimuuliza analalaje? Tulimwambia anyamaze. Amenyamaza mpaka ndani. Leo tunamkasirikia juu ya kimya tulichomfundisha wenyewe!"

Bénédicte alishusha macho. Mama Eliane akapiga magoti karibu na ndoo. "Ni minye nilimukataza," alisema. "Niliogopa. Nisamehe, binti yangu." Na akalia, kwa mara ya kwanza tangu mto ushuke, na hakufa.

Noella alimsogelea Olga. "Nisamehe. Nilikudanganya."

Olga alijipangusa maji usoni. "Ungeniambia tu," alisema. "Ungekaa karibu yangu bila kulia. Sikuhitaji machozi yako."

Tangu wiki ile, kila Alhamisi baada ya masomo, Noella na mama yake walikwenda kwa Mama Pétronille kuzungumza. Siku nyingine Noella hakusema kitu, na hakugombezwa. Siku nyingine walimtaja Vainqueur kwa jina, jambo lililokuwa limekatazwa nyumbani. Kitu cha kwanza kurudi kilikuwa hasira: siku moja alipita kando ya mto usio na ukuta, akaokota jiwe, akalitupa majini kwa nguvu zake zote.

Siku ya kuondoa matanga ilipofika, wiki kadhaa baadaye, Noella alisimama tena langoni. Hakujipaka chochote. Hakulia. Alisema tu, "Poleni," akaingia. Safari hii Bénédicte mwenyewe ndiye aliyemsogezea mkeka.

Mama Pétronille aliwaambia watoto waliokusanyika pale: "Huzuni ikikaa muda mrefu bila kusemwa, inaweza kuzima moyo. Huo ni ugonjwa kama malaria. Si uvivu, si roho mbaya. Ukiusikia, mwambie mtu mkubwa unayemwamini. Akikunyamazisha, mwambie mwingine. Na ukimwona mwenzako halii, usimpime kwa machozi. Muulize."

Sahani ya bugali ililetwa. Noella alinyoosha mkono, lakini Olga akauzuia.

"Weye, ngoja kwanza. Umenawa mikono?"

Kicheko kilimtoka Noella kabla hajakijua, na safari hii hakikutoka mdomoni peke yake.