Plagi Nne za Mjomba Zubery

Kila siku akitoka shule, Hanifa alibadilisha sare, akala haraka, kisha akavuka barabara kwenda gereji ya mama yake hapo Ilomba, jijini Mbeya. Kazi yake ilikuwa kusafisha. Aliosha spana kwa mafuta ya taa, akafagia, akafuta kila kifaa kilichofunguliwa kwenye injini. Mama yake, Bi Nusrat, hakuvumilia masizi. Alikuwa na diploma ya ufundi wa magari na sauti iliyofika mtaa wa pili, na vyote viwili alivitumia kila siku.

Ijumaa hiyo, gari lililofunguliwa boneti lilikuwa la Mjomba Zubery, mdogo wake Bi Nusrat. Zubery alilima mpunga Madibira, na mavuno ya misimu miwili yalikuwa yameishia kwenye gari lile. Lilikuwa na turbo, yaani kifaa kinachosukuma hewa nyingi ndani ya injini ili ipate nguvu. Fundi mmoja wa Iringa alikuwa ameiongezea turbo hiyo presha zaidi. Jumapili Zubery alitaka kushindana nalo huko Iringa, lakini kila alipokanyaga mafuta mlimani, lilikatakata, nguvu zikija na kupotea.

"Dada, ni plagi," alisema Zubery.

"Najua ni plagi. Ndiyo maana nimezitoa. Hebu ninyamazie nizitazame."

Bi Nusrat alizipanga plagi nne, vile vifaa vinavyotoa cheche ya kuwasha mafuta ndani ya injini, kwenye kipande cha boksi, kwa mpangilio wa silinda zilikotoka. Kabla hajazikagua, dereva wa lori akamwita barabarani, gari lake limezimika. Zubery naye akaenda msikitini kuswali alasiri. Hanifa akabaki peke yake na ufagio.

Alizitazama zile plagi. Zilikuwa chafu. Akachukua msasa na petroli kidogo, akazisugua moja baada ya nyingine mpaka zikang'aa.

"Gwe Hanifa! Umefanya nini?" Aliyeuliza alikuwa Tumpe, rafiki yake, ambaye mama yake aliuza ndizi jirani na gereji.

"Nimezisafisha. Kwani vipi?"

"Juzi si mama yako alimfokea fundi mmoja hapo gereji kwa kosa hilohilo? Alisema rangi ya plagi ndiyo inayomwonyesha jinsi injini inavyoungua ndani. Nilisikia nikiwa kwenye ndizi."

Hanifa aliuweka msasa chini. Alikuwa shule siku hiyo.

"Mwambie tu," alisema Tumpe.

"Umewahi kumsikia mama yangu akifoka?"

"Mtaa mzima tunamsikia."

"Haya, sasa!"

Pembeni kulikuwa na kopo la plagi kuukuu. Hanifa alichagua nne zinazofanana na zile, zilizotolewa kwenye gari jingine la aina hiyo, lisiloongezwa nguvu. Akazipanga kwenye boksi. Zile zilizong'aa akazifunga kwenye kitambaa na kuzificha nyuma ya ndoo. Tumpe alitikisa kichwa. "Mimi sijaona kitu," akasema, akaondoka.

Bi Nusrat aliporudi, Zubery naye alikuwa amefika. Bi Nusrat akainua plagi moja, kisha ya pili. Ncha zilikuwa na rangi ya kahawia hafifu, kama chai ya maziwa.

"Umeona? Injini haina joto la kupita kiasi. Hizi zimechoka tu. Nakufungia mpya za aina ya kiwandani."

"Lakini dada, fundi wa Iringa amesema presha ikiongezwa, nifunge plagi baridi. Zile ambazo ncha zake hupoa haraka."

"Fundi wa Iringa ameziona hizi? Juzi ulitaka za ncha nne kwa sababu umeziona kwenye simu. Kabla ya hapo ulitaka za rangi ya dhahabu. Plagi si hereni, Zubery!"

"Na ukikosea?"

"Nikikosea, ncha itawaka kama kaa la moto, mafuta yatalipuka kabla ya wakati wake, na pistoni itatoboka kabla hujafika Igawa. Lakini sijakosea. Nimeziona kwa macho yangu."

Zubery akashusha pumzi. "Haya, dada. Wewe ndiye uliyesomea. Nakuamini."

Bi Nusrat alifunga plagi mpya ya kwanza, akafunga ya pili. Hanifa alifagia mahali pamoja mpaka vumbi likaisha. Aliwaza gari likiwa barabarani, mjomba ameshika usukani, akimwamini dada yake. Bi Nusrat alipoinua plagi ya tatu, Hanifa aliutupa ufagio.

"Mama, usifunge! Hizo ulizotazama si za mjomba. Za mjomba nilizisugua kwa msasa. Niliogopa, nikaweka nyingine."

Bi Nusrat aliketi juu ya tairi kuukuu.

"Subhanallah. Nimembishia mtu mchana kutwa kwa plagi za kwenye kopo!"

"Kwa hiyo fundi wa Iringa..." alianza Zubery.

"Wewe usiseme kitu! Hanifa, zilete hapa. Mbio!"

Alivaa miwani, akawasha tochi ya simu. Msasa ulikuwa umeondoa rangi yote. Lakini kwenye sehemu nyeupe inayofanana na kikombe cha kaure, palikuwa na vipele vidogo, na pembe za ncha ya chuma zilikuwa zimeliwa.

"Tazama hapa. Hili msasa hauliondoi. Zimeungua. Zinahitajika plagi baridi."

"Tuchukue baridi kabisa!" alisema Zubery.

"Ndiyo hayo sasa. Ukizidisha baridi, zitajaa masizi na gari litakusumbua kila asubuhi na baridi hii ya Mbeya. Baridi hatua moja tu kuzidi zile za kiwandani."

Zubery akakimbia duka la spea. Plagi zilipofika, Bi Nusrat alipima kwa kipimo chembamba nafasi ambayo cheche huruka, kisha akaipunguza taratibu. "Presha kubwa huizima cheche kama upepo unavyozima kiberiti," alimwambia Hanifa, bado amekunja uso. "Nafasi ikiwa pana, gari linakatakata. Umeelewa?"

"Ndiyo, mama."

Walilijaribu gari kwenye mlima wa barabara ya Chunya. Zubery alikanyaga, nalo likapanda bila kukatakata hata mara moja. Juu kabisa walisimama, wakangoja injini ipoe. Bi Nusrat alitoa plagi moja, akampa Hanifa.

"Isome."

Hanifa aliigeuza polepole. "Haina vipele. Ncha ni nzima. Inaanza kuwa kahawia."

"Sawa. Zubery, ulisema kweli. Nilikubishia bure."

"Rudia, dada, nikurekodi."

"Toka hapa!"

Zubery alicheka, akasogea kando kumpigia simu fundi wake. Bi Nusrat alimgeukia binti yake.

"Kusugua plagi lilikuwa kosa, na sehemu yake ni yangu. Nimekufundisha kusafisha kila kitu, sikukwambia kwamba plagi huachwa kwanza mpaka zisomwe rangi. Hilo limekwisha. Lakini uliponiwekea plagi za uongo, nilifanya kazi kama kipofu huku najiona mjuzi. Mjomba wako angepoteza injini, na mimi ningeapa kwamba sikukosea."

"Nisamehe, mama. Niliogopa utafoka."

"Nitafoka. Hata kesho ukiharibu kitu nitafoka, ndivyo nilivyo. Lakini kelele zangu hazijawahi kutoboa pistoni ya mtu. Ukikosea, njoo uniambie siku hiyohiyo, nifoke nimalize, kisha tukae tutengeneze."